LAMU: MJI USIOPENDA HARAKA

Wako watu wengi ambao wakipata livu hupenda kuhesabu miji waliyoipita, kana kwamba safari ni mashindano. Hulala usiku mmoja hapa na usiku mmoja pale, kisha hurudi nyumbani na picha nyingi na habari chache. Safari ya namna hiyo haifai hata kidogo kisiwani Lamu, kwa kuwa mji ule haukujengwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka.

Gari la abiria hukoma Mokowe, upande wa bara, na ndege hutua kisiwani Manda. Kutoka hapo kila mtu, awe tajiri au maskini, huvuka kwa chombo. Akishuka gatini atakuta vichochoro vyembamba vilivyopimwa kwa watu na punda, wala si kwa motokaa. Punda hao ndio wachukuzi wa mawe, mchanga na vyakula, na mwaka 1987 walifunguliwa zahanati yao wenyewe. Majumba ni ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na watu wangali wakikaa humo kwa desturi zao. Kwa sababu hiyo, mwaka 2001 UNESCO iliutia mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Jambo la kwanza limpasalo mgeni kujifunza ni majira ya maji. Bahari hujaa na kupwa, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Basi atakaye kutazama magofu ya Takwa kisiwani Manda, mji uliohamwa yapata miaka 300 iliyopita, na amwulize nahodha kabla ya kuitazama saa yake ya mkononi. Mkono wa bahari uendao huko katikati ya mikoko hupitika maji yakijaa, na mtu akikawia, mashua yake hukaa juu ya tope mpaka maji yarudi.

Jambo la pili ni adabu. Nyumba za kale zina daka, yaani ukumbi mdogo mlangoni wenye baraza za kukalia, na hapo ndipo mgeni hupokewa. Mtu hupiga hodi, akangoja kuitikiwa; asipoitikiwa hurudi, wala hachungulii. Vivyo hivyo mgeni na avae nguo za stara, aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na salamu zake zisiwe za mbio.

Jambo la tatu ni fedha. Mgeni wa siku moja humlipa mwenye chombo na mwenye chakula, basi. Akaaye juma zima hutembea kwa miguu hadi Shela, mwendo usiotimia saa moja. Hufika Matondoni kuwatazama mafundi wakiunda majahazi. Hununua samaki kwa mvuvi na mkeka kwa msusi. Hivyo fedha zake huingia katika mikono mingi.

Lakini tusidhani kwamba wenyeji wanapenda polepole katika kila jambo. Mgonjwa aliyepakiwa mashuani hawezi kungoja maji yajae, na kijana mwenye cheti cha shule ataka kazi leo. Ndiyo maana wako waliofurahi ilipojengwa bandari kubwa mpya katika ghuba ya Manda, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei, 2021. Hata hivyo, kuchimbua bahari ili meli kubwa zipite kuliharibu mahali pa kuvulia. Wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Hukumu hiyo yatufundisha jambo kubwa. Aitazamaye bahari ile kutoka juu, ndani ya ndege, huona maji matupu yasiyo na mwenyewe. Aliyekaa na wavuvi siku chache hujua kwamba kila mlango wa bahari na kila fungu la matumbawe lina jina, lina majira yake, na lina watu walishao watoto wao hapo. Maendeleo yanatakiwa, na tena upesi. Lakini yapangwe na watu waliokwisha kwenda huko taratibu wakauliza.

Basi, msomaji utakayekwenda Lamu, chukua siku za kutosha. Uliza maji yajaa saa ngapi, piga hodi, na umlipe mtu haki yake. Ukirudi kwako, jirani zako watakapokuuliza habari za pwani, utakuwa na jambo la kuwaambia.