Ugonjwa wa Parkinson na Wajibu wa Watu wa Nyumbani

Mzee aambiwapo na daktari kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, habari hiyo haimfikii yeye peke yake. Yawafikia mkewe, watoto na wajukuu. Na kwa kuwa mwenyewe huenda akanyamaza kwa haya, yatupasa sisi tulio karibu naye tuujue ugonjwa huo, dawa yake, na ibada ya mgonjwa.

Tabibu Mwingereza, James Parkinson, aliueleza katika mwaka 1817. Ndani ya ubongo zimo chembe zitengenezazo dopamini, ambayo kwayo ubongo huongoza mwendo wa viungo. Chembe hizo zikifa kidogo kidogo, mkono hutetemeka ukiwa umetulia, viungo hukakamaa, sauti hufifia, na uso huwa kama wa mtu aliyekasirika, ilhali moyoni hana hasira. Wajukuu na waelezwe hayo, wasije wakadhani babu amewachukia. Tena ugonjwa huu hauambukizi; kula naye sinia moja hakuna hatari.

Wako wasemao kwamba amerogwa. Dhana hii humchelewesha mgonjwa. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008 ulipata wagonjwa 33, na walio wengi hawakuwa wamepata kuambiwa jina la ugonjwa wao. Dua na iombwe, lakini Mtume (S.A.W.) ametuamuru pia kutafuta dawa.

Dawa iliyo mashuhuri ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Haiuondoi ugonjwa, bali huipunguza taabu yake, hata mtu akaweza kufunga vifungo vya kanzu yake na kwenda msikitini. Sharti saa zake zitunzwe, wala isikatwe ghafula.

Hapa ndipo Ramadhani inapotaka shauri la tabibu na la sheikh kabla mwezi haujaandama. Katika Suratul Baqara, aya ya 185, Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula. Na ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona, wanazuoni wengi husema amlishe maskini kwa kila siku. Mzee aonaye haya kula mchana, akaacha dawa kisha akaanguka, ameikataa ruhusa ya Mola wake. Na katika swala, asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu.

Bondia Muhammad Ali aliambiwa habari ya ugonjwa wake mwaka 1984, naye ana umri wa miaka 42. Mwaka 1996, mjini Atlanta, aliwasha moto wa Olimpiki mbele ya walimwengu, mkono wake ukitetemeka wala asiufiche. Akaishi hadi mwaka 2016.

Basi, enyi vijana, mzazi wenu akichelewa kuinuka, msimwinue kwa pupa. Akichelewa kujibu, msimjibie. Mngojeni. Alikungojeeni yeye mlipokuwa mkijifunza kutembea na kusema.