Mafia: Mradi Mkubwa, Mradi Mdogo, na Nani Anayelipa

Wataalamu hupenda kubishana kama mradi mkubwa ni bora kuliko mdogo. Kisiwani Mafia, Tanzania, ubishi huo hauna maana mpaka uulize tatizo lenyewe lina ukubwa gani.

Chukua uvuvi wa baruti. Miaka ya 1990 matumbawe yalikuwa yakilipuliwa, na baadhi ya walipuaji walitoka nje ya kisiwa. Kamati ya kijiji yenye ngalawa mbili ingewafanya nini? Ilihitajika sheria, boti za doria na dola nyuma yake. Hapo ndipo Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza nchini, yenye kilomita za mraba 822, ilipoonyesha faida ya ukubwa.

Lakini sheria hiyohiyo ilitua Jibondo, kisiwa cha mawe ambako kilimo ni kidogo mno na watu huishi kwa bahari. Mvuvi wa juya, wavu wa kukokota, akaambiwa aliache. Faida ya matumbawe yaliyopona imesambaa hadi kwa mtalii na kizazi kijacho. Hasara ilikaa juu ya mashua ya mvuvi huyo. Jibondo waliikataa hifadhi waziwazi, na sioni kwa nini tuwaite wakaidi.

Kwenye kisiwa cha Juani mambo ni madogo zaidi. Anayeona kiota cha kasa hutoa taarifa kwa wahifadhi badala ya kuchimba mayai. Kiota kikiwa karibu na maji huhamishwa, kisha hulindwa kama miezi miwili. Mtoa taarifa hulipwa kwa kiota, na huongezewa kwa kadiri vifaranga wanavyotoka wazima. Kwa hiyo ana sababu ya kukichunga mpaka mwisho. Sijaona mpango wa senti chache uliofikiriwa vizuri hivi. Udhaifu wake: fedha hutegemea wafadhili na watalii, na kasa akishaogelea hadi kwenye jarife, mlinzi wa kiota hana la kumfanyia.



Hifadhi iliwahi kuwabadilishia wavuvi nyavu, lakini wavu mpya hauzibi pengo la siku wavu wa zamani ulipotoka majini. Ningeanzia hapo: ada ya kiingilio anayolipa mtalii impe mvuvi wa Jibondo malipo yanayofuata hasara yake, kama malipo ya Juani yanavyofuata vifaranga.