Kupiga Polishi Rangi ya Gari kwa Mashine Bila Kuacha Alama

Gari la chama cha ushirika hufanya kazi nzito. Hubeba mbolea na magunia, hupita katika barabara za vumbi wakati wa kiangazi na za matope wakati wa masika, na mara nyingi hulala nje pasipo paa. Baada ya miaka michache rangi yake hufifia, na likitazamwa juani huonekana limejaa mistari myembamba iliyozunguka kama utando wa buibui. Hapo ndipo viongozi na wanachama hufikiria kulipiga polishi kwa mashine, ama kwa kuwa chama kinataka kuliuza kwa bei nzuri, ama kwa kuwa wanachama wanapenda mali yao ionekane imetunzwa. Mwanachama mwenye gari lake mwenyewe naye hufikiria vivyo hivyo.

Kazi hiyo yaweza kufanyika nyumbani au katika ua wa chama. Lakini hutokea mara kwa mara kwamba gari hung'aa sana jioni linapomalizwa, na kesho yake likitolewa juani huonyesha alama mpya ambazo hazikuwapo kabla. Yafaa ieleweke alama hizo hutokana na nini, kwa maana kuziondoa baadaye ni kupunguza rangi mara ya pili.

RANGI NI KAMA AKIBA

Rangi ya gari si kitu kimoja, bali ni matabaka. Chini kabisa kuna bati, juu yake praima, kisha rangi yenyewe, na juu ya yote tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Tangu miaka ya 1980 viwanda vingi vya magari vimekuwa vikitumia mtindo huu. Magari ya zamani zaidi, na baadhi ya malori na pikapu za rangi nyeupe, hayana klia. Rangi yao ndiyo tabaka la juu. Ili kutambua, mtu asugue mahali padogo kwa kitambaa cheupe chenye polishi kidogo. Kitambaa kikishika rangi ya gari, gari hilo halina klia.

Matabaka yote kwa jumla, kama yalivyotoka kiwandani, kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi moja ya kupigia chapa barua za ofisini ina unene wa kama mikroni 100. Yaani rangi yote ya gari ni kama karatasi moja au moja na nusu. Klia peke yake mara nyingi ni mikroni 35 hadi 50 tu, na ndiyo yenye dawa ya kuzuia mionzi ya jua isiharibu rangi iliyo chini yake.

Polishi haizibi mkwaruzo. Huondoa rangi iliyouzunguka mpaka pande zote zilingane na kina chake. Kwa hiyo kila kupiga polishi ni kutoa katika akiba ambayo hairudishwi ila kwa kupaka rangi upya. Mtu mwenye busara hutoa kidogo kadiri inavyotosha, wala hatoi mara mbili kwa kosa moja.

ALAMA HUTOKA WAPI

Alama ni za namna nne. Ya kwanza ni ile mistari myembamba kama utando wa buibui. Hii haitoki kwa mashine, bali hutokana na kuosha gari kwa kitambaa chenye mchanga au kulifuta vumbi likiwa kavu.

Ya pili ni mikanda mipana inayometa, ambayo husogea kadiri mtazamaji anavyotembea. Hiyo ni njia ya mashine ya kuzunguka iliyotumiwa kwa pedi ya manyoya au kompaundi kali, kisha kazi ikaachwa bila kumaliziwa kwa polishi laini.

Ya tatu ni vijiviringo vidogo vilivyojikunja kama mkia wa nguruwe. Hivyo husababishwa na chembe ya mchanga, au polishi iliyokauka, iliyonaswa katika pedi.

Ya nne, nayo ni mbaya kuliko zote, ni rangi iliyoungua au kutoboka kwenye kingo za milango, boneti na fenda. Katika kingo rangi huwa nyembamba, na uzito wote wa mashine huangukia mahali padogo. Alama tatu za kwanza zaweza kuondolewa. Hii ya nne haina dawa ila rangi mpya.

KUCHAGUA MASHINE

Ziko mashine za aina mbili. Aina ya kwanza huzunguka katika mhimili wake mmoja, kwa kawaida mara 600 hadi 3,000 kwa dakika. Hukata upesi na hupasha joto upesi, hivyo huhitaji mkono uliozoea. Aina ya pili huzunguka na wakati huohuo huyumba, ili pedi isipite katika mstari uleule. Hufanya kazi polepole zaidi, lakini ni vigumu kwayo kuunguza rangi au kuacha mikanda. Kwa mtu anayefanya kazi nyumbani, aina hii ya pili ndiyo inayofaa.

Hapana budi kuonya juu ya desturi ya kufunga pedi kwenye grenda ya kukatia vyuma. Grenda ndogo huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo klia hupasuka au kuungua kabla mtumiaji hajatambua. Bei ya mashine iliyookolewa kwa njia hiyo hulipwa mara nyingi zaidi kwa mpaka rangi.

Pedi za sponji nazo hutofautiana kwa ugumu. Ngumu hukata, laini humalizia. Kwa gari moja zitayarishwe pedi tano au sita, kwa sababu pedi iliyojaa polishi na vumbi la rangi haikati vizuri tena, na ndiyo huzaa vijiviringo vilivyotajwa.

MATAYARISHO

Gari lioshwe kwa sabuni ya maji na ndoo mbili: moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Liguswe kuanzia juu kwenda chini, maana uchafu mwingi uko chini. Matone ya lami yaondolewe kwa mafuta ya taa kidogo katika kitambaa laini, kisha mahali hapo paoshwe tena.

Baada ya kuosha, mtu apitishe vidole taratibu juu ya boneti. Akihisi ukavu wa chembechembe, uko uchafu ulioganda ambao maji hayauondoi. Huo huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaosuguliwa taratibu juu ya maji ya sabuni. Udongo huo ukianguka chini utupwe, hata kama ni mpya, kwa kuwa umekwisha kuokota mchanga.

Kazi isifanywe juani wala juu ya bati lililo moto, kwa kuwa polishi hukauka kabla ya kufanya kazi yake. Ifanywe chini ya paa, asubuhi ikiwezekana. Kivuli cha mti si badala ya paa, kwa sababu majani, utomvu na vinyesi vya ndege huanguka juu ya rangi. Ardhi inyunyiziwe maji ili vumbi lisipeperuke. Kingo zote, taa, mipira ya vioo na plastiki zisizopakwa rangi zifunikwe kwa utepe wa karatasi unaotumiwa na wapaka rangi.

KAZI YENYEWE

Kwanza ifanyike sehemu ya majaribio, sentimita 50 kwa 50, katikati ya boneti. Mtu aanze na pedi laini na polishi laini. Zikitosha kuondoa alama, hakuna sababu ya kutumia kali zaidi. Zisipotosha, abadilishe pedi kwanza, kisha polishi, hatua kwa hatua. Wengi huanza na kompaundi kali wakidhani wanaokoa muda, nao hutumia siku nzima kufuta alama walizozitia wenyewe.

Utaratibu ukiisha kupatikana, utumike kwa gari zima hivi:

1. Yawekwe matone manne au matano ya polishi juu ya pedi. Pedi iwekwe juu ya rangi kabla ya kuwasha mashine, na mashine izimwe na kusimama kabla ya kuinuliwa.

2. Polishi isambazwe kwa mwendo mdogo kabisa, kisha mwendo uongezwe hadi namba 4 au 5 katika mashine zenye namba 6.

3. Mashine iende polepole, kiasi cha sentimita 3 kwa sekunde, kila njia ikifunika nusu ya ile iliyotangulia. Njia za kwanza ziwe za kulala, zinazofuata za kusimama. Mara nne hadi sita zatosha.

4. Pedi ilale sawasawa. Ikiinuka upande mmoja, upande mwingine hukata mno. Uzito wa mashine na mkono uliotulia vyatosha. Kukandamiza huzuia pedi kuzunguka na huongeza joto.

5. Kila mara bati liguswe kwa kiganja. Likiwa na joto la kumfanya mtu aondoe mkono, kazi isimame mahali hapo mpaka lipoe. Bampa za plastiki zahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa plastiki haisambazi joto kama bati.

6. Baada ya kila sehemu, pedi isafishwe kwa brashi, na mabaki yafutwe kwa kitambaa safi cha maikrofaiba.

Ikiwa kompaundi au pedi ngumu ilitumika, gari zima lirudiwe kwa pedi laini na polishi laini. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo iliyo tofauti kati ya kazi safi na kazi yenye mikanda.

KUKAGUA BILA KUJIDANGANYA

Polishi nyingi zina mafuta, na mafuta hujaza mikwaruzo na kuificha. Ndiyo sababu gari hung'aa jioni na kuaibisha kesho yake, au baada ya kuoshwa mara mbili tatu. Kwa hiyo sehemu ya majaribio ifutwe kwa spiriti ya kusafishia iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tatu, mbali na moto. Kisha itazamwe kwa tochi yenye mwanga mkali, au gari litolewe juani, na mtazamaji asogee huku na huku. Ikionekana safi baada ya kufutwa, utaratibu ni sahihi. Ukaguzi ukifanywa mwanzoni, kosa huwa la sentimita 50 tu. Ukingoja mwisho, kosa huwa la gari zima.

Mwisho wa yote ipakwe nta, kwa sababu rangi iliyopigwa polishi haina kinga juu yake.

MAHALI PA KUACHA

Mkwaruzo unaonasa ukucha ni wa kina mno, usifuatwe mpaka mwisho. Upunguzwe makali tu. Klia iliyobambuka au kuwa na mabaka meupe haiponi kwa polishi. Rangi isiyong'aa kwa makusudi ya kiwanda isiguswe kabisa. Sehemu iliyopakwa rangi karibuni isubiri muda uliotajwa na mwenye rangi.

Kwa usalama, waya upitishwe begani, plagi ichomolewe kabla ya kubadili pedi, na mtu avae miwani na kifunika pua. Mikono mipana ya shati, kanga na mitandio isikaribie mashine.

DAFTARI LA MASHINE NA LA GARI

Si lazima kila mwanachama anunue mashine itakayotumika mara moja kwa mwaka. Chama chaweza kununua moja na kuwaazima wanachama kwa zamu. Katibu aandike tarehe, jina la aliyeazima, idadi ya pedi, hali ya mashine ilipotoka na iliporudi, na sahihi. Pedi zirudishwe zimeoshwa na kukaushwa, vinginevyo mchanga wa gari la mmoja utakwaruza gari la mwingine. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari la gari la chama nalo liandikwe kila mara linapopigwa polishi: tarehe, sehemu zilizoshughulikiwa, na kama kompaundi ilitumika. Madereva hubadilika na halmashauri hubadilika, na kila mpya huona gari lililofifia na kutaka kuling'arisha. Asipojua waliomtangulia wametoa kiasi gani, ndiye atakayefikia bati. Daftari likimwonyesha kwamba kompaundi imekwisha kutumika mara mbili, atajua kwamba sasa yatosha kuosha vizuri na kupaka nta.