"I'd": ni had au would?

Nikiwa BTP mwaka jana nilisahihisha madaftari ya Kidato cha Pili, nikamkosesha mwanafunzi mmoja. Sentensi ilikuwa "You'd better go now", naye akaiandika kwa kirefu "You had better go now". Nikajisemea: had ni ya wakati uliopita, now ni sasa hivi, vinakaaje pamoja? Nikapiga mkasi mwekundu, juu yake nikaandika would. Jioni akanifuata na kamusi mkononi. "Samahani mwalimu, humu wanasema had." Na kweli.

Shida yote ni hiyo 'd: mwandiko mmoja, maneno mawili. Cha kuangalia ni kitenzi kinachofuata. Kikiwa na umbo lake la kawaida, ni would: "I'd go" ni ningeenda. Kikiwa katika umbo la tatu, lile la gone na eaten, ni had: "I'd eaten" ni nilikuwa nimeshakula. Kiswahili kinatubeba hapa, maana -nge- na nilikuwa nime- hazifanani hata kidogo. Wasumbufu ni vitenzi kama put na cut, ambavyo havibadiliki. "I'd put it there" inaweza kuwa ningekiweka au nilikuwa nimekiweka, mpaka usome sentensi za jirani.

Halafu kuna wakorofi wawili ambao mimi nasema kariri tu, yaishe. "I'd rather" ni would rather. "You'd better" ni had better, na hiyo had haina habari na jana wala juzi. Inazungumzia sasa au baadaye. Wengi tunaitafsiri "afadhali", na hapo ndipo tunapojichongea, kwa sababu ndani yake kuna onyo: fanya hivyo, la sivyo yatakukuta. Sasa wewe mwandikie mhadhiri "You'd better extend the deadline" ukidhani unaomba kwa adabu! Anza na "I'd be grateful if", ambayo ni would, na ndiyo yenye heshima.

Yule mwanafunzi nilimrudishia alama yake kesho yake, mbele ya darasa zima, nikakiri kosa ubaoni. Kilichobaki ni wale wenzake walioandika would nikawapa vema. Kuwanyang'anya nilishindwa, jamani. Kosa lilikuwa langu.