Una kisanduku cha pili cha umeme nyumbani? Kagua waya wa ardhi

Je, mita yako ya umeme iko kwenye duka la mbele, na waya umevutwa hadi saluni au vyumba vya nyuma, ambako fundi alifunga kisanduku cha pili cha breka? Kama unaishi hivyo Kabazana au kwingineko Nakivale, makala haya yanakuhusu.

Waya wa ardhi hufanya kazi gani?

Ni waya wa kijani na njano. Siku za kawaida haupitishi umeme. Waya wa moto ukichubuka na kugusa bati la friji, umeme mwingi hupita kwenye waya huo wa ardhi na breka hukata mara moja.

Kwa nini nondo peke yake haitoshi?

Mafundi wengine huchimbia nondo ya shaba karibu na kisanduku cha pili na kusema kazi imekwisha. Lakini udongo huzuia umeme, hasa ukikauka wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti. Umeme wetu ni volti 240. Udongo ukiwa na ukinzani wa omu 20, zitapita ampea 12 tu. Breka ya ampea 32 haitakata. Friji itabaki na umeme, na mtoto akiigusa anaweza kufa.

Mwulize fundi mambo haya manne

1. Je, waya wa ardhi umetoka kisanduku kikuu hadi cha pili, pamoja na waya wa moto na nyutro?
2. Je, ndani ya kisanduku cha pili, nyutro na ardhi zimetenganishwa? Zikiunganishwa hapo, nyutro ikikatika vyombo vyote vya bati vinaweza kuwa na umeme.
3. Je, kuna breka ya kuzuia uvujaji, ya miliampea 30? Hii hukata hata umeme mdogo ukivuja. Bonyeza kitufe chake cha majaribio kila baada ya miezi michache.
4. Je, ana kibali cha ERA, mamlaka inayodhibiti umeme Uganda?

Usifungue kisanduku mwenyewe. Hata ukizima swichi kuu, waya unaotoka kwenye mita bado una umeme.

Ukihisi shoti hata ndogo unapogusa friji au pasi, zima swichi kuu na uite fundi. Kama umepanga, mjulishe mwenye nyumba siku hiyo hiyo.