Je, Wajua? Kilima cha Bi Henry Kilipiganiwa Mara Mbili

Je, wajua kwamba pambano kubwa la kwanza la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani lilimkuta bi kizee kitandani? Judith Carter Henry alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu, hawezi hata kuinuka. Nyumba yake ilikuwa juu ya kilima karibu na Manassas, jimbo la Virginia, chini ya kilometa 50 kutoka Washington. Tarehe 21 Julai 1861 wanawe walijaribu kumtoa, akawasihi wamrudishe kwake. Wapiganaji wa majimbo ya Kusini walipoanza kuwalenga wapiga mizinga wa majimbo ya Kaskazini kutoka nyumbani humo, Kapteni James Ricketts akaigeuzia nyumba mizinga yake. Bi Henry akapata majeraha yaliyomuua, akazikwa hapohapo uani. Kaburi lake lipo mpaka leo.

Vitabu vingi hupitia kilima hiki vikihesabu majenerali. Mimi naona historia yake inawahusu kwanza wenye mashamba, kwa kuwa wao walikuwapo kabla ya jeshi la kwanza kufika, na ndio waliobaki na mashimo, makaburi na uzio uliogeuzwa kuni.

Wenyeji hawa walikuwa na bahati mbaya ya kukaa karibu na makutano ya reli. Njia mbili za treni zilikutana Manassas, na kila jeshi lilitaka watu na mizigo vipite upande wake. Siku zile za Julai, maelfu ya askari wa Jenerali Joseph Johnston wa Kusini walitoka bonde la Shenandoah, wakapakiwa kwenye mabehewa na kuletwa hadi karibu na uwanja wa mapigano, jambo lililokuwa bado geni wakati huo. Wengine walifika mchana, vita vikiwa vimepamba moto, na ujio wao ukageuza mizani. Watu wa Washington waliokuja na vikapu vya chakula kutazama ushindi wakajikuta barabara moja na askari wanaokimbia. Mbunge wa New York, Alfred Ely, alikamatwa akapelekwa kifungoni Richmond, mji mkuu wa Kusini.

Je, wajua kwamba siku hiyo adui hakutambulika kwa nguo? Sare zilikuwa mchanganyiko. Kikosi cha 33 cha Virginia, cha Kusini, kilivaa buluu, na ofisa mmoja wa Kaskazini akakidhania ni msaada wa kwao. Wapiga mizinga wakaacha kufyatua, kikosi kikasogea karibu na kuwamiminia risasi. Bendera nazo zilifanana mno kwa mbali. Baada ya pambano, makamanda wa Kusini wakaagiza bendera mpya ya vitani, yenye msalaba wa buluu uliolala mshazari na nyota juu ya nyekundu. Ndiyo hiyo ambayo Wamarekani wanagombana juu yake hata sasa.

Jirani wa Bi Henry, kutembea dakika chache tu, alikuwa James Robinson, mtu mweusi aliyekuwa huru katika jimbo la watumwa. Alijinunulia ardhi mwaka 1840, akajenga, akalima. Lakini mkewe, Susan, alikuwa mtumwa, na kwa sheria ya Virginia mtoto alifuata hali ya mama yake, hivyo baba huru akawa na watoto wanaomilikiwa na mtu mwingine. Nyumba ya Robinson ilinusurika mwaka 1861. Mwaka uliofuata majeshi yalirudi, na safari hii askari wa Kaskazini, upande uleule ambao ushindi wake ungevunja utumwa, walizoa mazao, mifugo na vyombo vyake. Mwaka 1872 aliidai serikali fidia ya dola 2,608. Akapewa 1,249. Ukoo wake ulishikilia shamba hilo hadi miaka ya 1930, na nyumba iliyosimama pale ikachomwa moto mwaka 1993 na mhalifu. Hadithi ya Robinson inastahili sanamu kubwa kuliko zote kilimani hapo.

Pambano la pili, la tarehe 28 hadi 30 Agosti 1862, lilikuwa kubwa zaidi. La kwanza lilikuwa na hasara ya watu wapatao 4,900 waliouawa, kujeruhiwa au kupotea, na la pili wapatao 22,000. Watu wa Kusini walijibanza nyuma ya tuta la reli ambayo haikumalizwa kujengwa, na baadhi yao, risasi zilipowaishia, wakarusha mawe. Kikosi cha 5 cha New York kilipoteza karibu watu 120 kwa kifo, wengi wao ndani ya dakika kama kumi.

Miaka 150 na zaidi baadaye, ardhi ikafunguka. Mwaka 2014 mtaro wa kazi za kawaida katika hifadhi ya taifa ya uwanja huo wa vita uliibua mifupa: askari wawili, pamoja na mikono na miguu 11 iliyokatwa. Lilikuwa shimo la daktari wa vita. Mmoja wa wale wawili alikuwa bado na risasi ndani ya mfupa wa paja. Mwaka 2018 walizikwa kwenye makaburi ya kijeshi ya Arlington kwa heshima za kijeshi, ndani ya majeneza yaliyotengenezwa kwa mti ulioanguka Manassas.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1940, lakini amani haikuja. Mwaka 1988 mwekezaji alikusudia kujenga duka kubwa kando yake, na Bunge likaitwaa ardhi ile kwa sheria, gharama ikipita dola milioni 100. Kampuni ya Disney ilitaka bustani ya burudani jirani, ikaondoa mpango huo mwaka 1994. Desemba 2023 madiwani wa kaunti ya Prince William waliidhinisha vituo vikubwa vya kuhifadhia data kwenye ardhi inayopakana na hifadhi, na wapinzani wakaenda mahakamani.