Babu Kaja Mjini Kutafuta Jina

MSOMAJI wangu, sisi watu wa Upanga tuna ugonjwa mmoja. Mgeni akija kutoka bara tunampeleka Coco Beach, tunamnunulia mihogo ya kukaanga, tunampiga picha na bahari, basi, tumemaliza Dar es Salaam nzima. Vitu vilivyo puani petu hatuvioni. Mimi mwenyewe nimepita kwenye Sanamu ya Askari mara ngapi sijui, na akili yangu yote iko kwenye kugombea daladala.

Aliyenitoa tongotongo ni Babu. Huyu ni baba yake mama, kavuka miaka themanini, Mgogo safi wa kijijini Dodoma. Alikuja kwa treni ya SGR kutibiwa mtoto wa jicho. Jumamosi asubuhi, chai haijapoa, akaniambia: "Mke wangu (ndivyo anavyoniita, na bibi wa kumwonea wivu hayupo tena, Mungu amrehemu), nipelekeni nikaone kama wameliandika jina la babu yangu."

Tukatazamana na mama. Jina gani tena?

Kumbe mzee kaja na lake moyoni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipita Ugogo wakizoa vijana na mifugo. Walipoondoka, Waingereza nao wakaja kuzoa waliobaki. Mwaka 1917 babu yake Babu akatiwa kwenye wachukuzi, akatwishwa mzigo kichwani, akaelekezwa kusini. Hakurudi. Nyuma yake ikaja njaa kali ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Mkewe alibaki na mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye baba yake Babu. Bibi wa watu amekufa akiwa bado anatazama njia.

Haya, safari ikaanza: Babu, mama, mimi na mdogo wangu wa kidato cha pili, tumebanana kwenye bajaji moja kama dagaa. Tukavuka Daraja la Salenda mpaka kwenye makaburi ya vita, kandokando ya barabara ya kwenda Bagamoyo. Jamani, pametulia! Magari yanalia nje, ndani mawe yamepangwa mistari kama wanafunzi wa gwaride. Mengi ya makaburi hayo yalihamishiwa hapo mwaka 1968 kutoka Ocean Road, kupisha barabara mpya. Pana na ukumbusho wa Waingereza na Wahindi zaidi ya 1,500 ambao makaburi yao hayajulikani.

Babu haoni vizuri, kwa hiyo dogo ndiye aliyekuwa msomaji. Alisoma kwa sauti, jiwe baada ya jiwe, huku Babu kaegemea bakora na kutega sikio. Kila jina akitikisa kichwa. Baada ya kama nusu saa akasema taratibu: "Mwache mtoto apumzike. Hawa ni watoto wa wenzetu. Nao waliliwa."

Nikatoa simu nikaperuzi. Wanahistoria wanakadiria kuwa wachukuzi wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita vile hapa Afrika Mashariki wanakaribia laki moja. Wengi hawakufa kwa risasi. Ni njaa, kuhara, malaria na mzigo. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Nilimsomea Babu. Akauliza, "Radhi wamemwomba nani?" Sikuwa na jibu.

Tukarudi mjini kwenye Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano. Dogo akajifanya mwalimu, akamweleza Babu habari za fuvu la Zinjanthropus alilolifukua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75. Babu akacheka mpaka akakohoa. "Huyu wa miaka milioni kapewa jina refu hivyo, na babu yangu wa juzi hana!" Tukacheka wote, halafu kicheko kikakatika chenyewe.

Kutoka hapo tukaenda kwa Askari, Mtaa wa Samora. Zamani hapo alisimama mtu mwingine kabisa: Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, sanamu yake iliwekwa mwaka 1909. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, akang'olewa. Akaishia Hamburg, na huko nako wanafunzi wakamwangusha mwaka 1968. Kweli mkuki kwa nguruwe! Huyu askari wetu wa shaba, mwenye bunduki iliyoelekea bandarini, alizinduliwa mwaka 1927.

Nikasoma maandishi. Maneno yake alitunga Rudyard Kipling, yule mwandishi wa Kiingereza. Yanawataja wachukuzi, yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Mwishoni yanaahidi kuwa ukipigania nchi yako, hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako.

"Rudia hapo," Babu akasema. Nikarudia. "Nchi yake ilikuwa Ugogo," akasema. "Hakuna aliyemuuliza habari ya nchi nyingine. Lakini hilo la watoto ni kweli." Akavua kofia, akasogea karibu, akalitaja jina la babu yake kwa sauti, mara tatu, katikati ya honi na wapita njia. Mama akageukia pembeni kama vumbi limemwingia jichoni. Jina lenyewe siliandiki hapa. Babu kasema ni la kutajwa, si la kuuzia magazeti.

Mnazi Mmoja hatukukaa. Tulisimama kidogo kwenye Mnara wa Mashujaa, wanaokumbukwa kila Julai 25, kisha njaa ikatusukuma Kariakoo kwa mama ntilie. Babu alikataa wali kuku, akataka ugali na mlenda.

Pale mezani nikamtobolea siri: Kariakoo ni Kiswahili cha Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi. Waingereza waliwaweka wachukuzi wao hapo baada ya kuuteka mji, na jina likaganda. Babu akaacha tonge mkononi. Mbele yetu kijana alipita na robota la mitumba kichwani, jasho linatiririka, anapiga kelele apishwe. Babu akamfuata kwa macho yale yale mabovu mpaka akapotea kwenye watu.

Jumanne akafanyiwa upasuaji. Jicho moja sasa linaona. Jana tumekaa kituoni tunasubiri gari, konda kaning'inia mlangoni anaita, "Kariakoo! Kariakoo!" Babu akanibinya mkono. "Unasikia, mke wangu? Wanawaita."